Jazi ya polepole isiyo na chemko: mwongozo kamili wa kuisikiliza, kwa watu wa Moshi na Arusha

Masikio yetu yamelelewa na dansi. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, magitaa yanajibizana kwa upole, na ukumbi mzima unajua kwamba baada ya dakika tatu nne chemko litafika na viti vitabaki vitupu. Bongo fleva ina kiitikio chake. Singeli haikusubirishi hata kidogo, inaanza ikiwa imeshachemka, mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Sasa mwekee mtu aliyekua na muziki huo albamu ya jazi ya polepole, ile yenye huzuni na ukungu: kinanda kinadondosha noti moja kisha kinanyamaza, saksafoni inapumua kwa mbali. Atafanya alichozoea, atasubiri. Dakika ya tano inapita, ya kumi inapita, halafu anageuka na kuuliza, "Kaka, mbona hauanzi?"

Umeshaanza. Chemko ndilo halipo, na halitakuja. Mwongozo huu wote ni wa kukusaidia kukaa ndani ya muziki wa namna hiyo kwa dakika arobaini au hamsini bila kungoja kitu kingine, mpaka kilichopo kianze kukutosha.

Nauandika kwa sababu naupenda muziki huu sana, na kwa sababu naamini sisi wa huku tuna masikio ya kuupokea kuliko tunavyodhani. Mtu wa Machame, Marangu, Old Moshi au Meru amesikia tarumbeta za KKKT zikipiga wimbo kaburini au alfajiri ya Pasaka. Noti inashikiliwa mpaka pumzi iishe, kisha kinakuja kimya kifupi kati ya mstari na mstari, wapigaji wote wakivuta hewa pamoja. Hakuna anayesimama pale kaburini akingoja chemko. Sikio hilohilo ndilo ninalokuomba ulitumie hapa.

Hatua ya 1: Chagua albamu moja

Kwenye programu za muziki utakuta orodha ndefu za "jazi ya kutuliza akili", nyimbo mia zilizookotwa huku na kule. Ziache. Zimepangwa ili usizisikilize. Albamu imepangwa na mtu aliyefikiria dakika ya kwanza inafuatwa na nini na ya mwisho inamalizikaje, na mpangilio huo ni nusu ya utamu wake. Nakupa tatu, uchague moja ya kuanzia.

Ya kwanza ni *Promises*, iliyotoka Machi 2021. Ni kazi ya Floating Points, mwanamuziki wa Uingereza anayetunga kwa mitambo ya kielektroniki, akiwa na mpiga saksafoni wa Marekani Pharoah Sanders na wapiga nyuzi wa London Symphony Orchestra. Ina sehemu 9 zinazoungana kuwa kipande kimoja cha dakika 46 hivi. Sanders alikuwa na miaka 80 ilipotoka, na mwaka uliofuata, Septemba 2022, akafariki. Ukumbuke kwamba huyu ni yule aliyejulikana miaka ya 1960, akiwa na mpiga saksafoni mwenzake John Coltrane, kwa kuifanya saksafoni ipige kelele kama mtu aliyeungua. Hapa anapuliza kwa upole wa mzee asiye na cha kumthibitishia mtu yeyote.

Ya pili ni *In a Silent Way* ya mpiga tarumbeta wa Marekani Miles Davis, 1969. Ilirekodiwa New York kwa siku moja, tarehe 18 Februari, na ina vipande viwili tu, kila kimoja upande wake wa santuri, jumla dakika 38 hivi. Watu watatu wanapiga vinanda vya umeme kwa pamoja: Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul. Ukisikia hilo utadhani ni fujo, lakini kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi.

Ya tatu ni *Black Earth* ya Wajerumani wa Bohren & der Club of Gore, 2002. Hawa walianzia kwenye muziki mzito wa magitaa ya kelele katika mji wa Mülheim an der Ruhr, kisha wakapunguza mwendo mpaka ukakaribia kusimama. Ndiyo ya giza kuliko zote tatu, na ndiyo ya polepole kuliko zote.

Ushauri wangu: anza na *Promises*. Ya Miles ina mengi ndani yake na itakufaa zaidi ukishajua cha kutafuta. *Black Earth* iache iwe ya mwisho, maana ukianza nayo na hali yako si nzuri siku hiyo, unaweza kuichukia bure.

Hatua ya 2: Tafuta saa ya kimya, na hapa mjini ni kazi

Muziki huu una sehemu za chini sana, chini kuliko sauti ya mtu anayenong'ona chumba cha pili. Kwa hiyo kelele za nje ni adui wa kweli. Kaa siku mbili uchunguze mtaa wako: mashine ya kusaga inaanza saa ngapi, bajaji na daladala zinapungua saa ngapi, baa ya jirani inazima spika saa ngapi, mkutano wa injili uko uwanja gani wiki hii. Majengo au Pasua utapata kimya usiku sana au alfajiri. Shanty Town utapata mapema kidogo. Arusha, anayekaa karibu na barabara kubwa pale Sakina anajua malori hayalali, atafute chumba cha nyuma.

Binafsi napenda alfajiri, baada ya adhana na kabla ya mabasi, wakati mlima unaonekana wote bila wingu. Masikio ya alfajiri hayajachoshwa na kitu. Usiku ni mzuri pia, ila usingizi uko karibu.

Mvua nayo ina habari yake. Watu wengi hufikiri mvua na jazi ya huzuni ni ndugu, na kwa picha ni kweli. Kwa sikio, mvua ya masika juu ya bati inaua albamu nzima. Mlio wake umeenea kuanzia chini mpaka juu, na unafunika hasa zile sauti nyembamba: brashi za waya zikipita juu ya ngozi ya ngoma, pumzi kabla ya noti, mwangwi unaofifia. Wakati mzuri kweli ni Juni na Julai, miezi ya baridi, ambapo wingu linashuka siku nzima na manyunyu hayapigi kelele. Ukiwa na sweta na chai ya tangawizi, hali ya hewa ya Moshi na Arusha miezi hiyo inaendana na muziki huu bila kulazimisha.

Desemba usihangaike. Wote wamerudi nyumbani, kila boma lina wageni, na mbuzi wanachinjwa. Ni wakati wa muziki mwingine.

Hatua ya 3: Vifaa, bando na mipangilio ya simu

Spika ya simu haitoshi. Kamba ya chini kabisa ya besi ya kusimama inatoa mtikisiko wa hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haifiki huko hata kidogo. Utakachosikia ni kivuli cha besi. Na katika muziki wa polepole, besi ikipotea unabaki na vipande vinavyoelea bila sakafu.

Hedifoni za kufunika sikio ndizo bora kwa mwenye majirani. Si lazima ziwe za bei kubwa. Za mtumba zilizo nzima, zenye waya, mara nyingi zinashinda mpya za bei ya chini zisizo na waya. Kama una sabufa nyumbani, itumie, lakini punguza besi mpaka katikati au chini yake. Sabufa nyingi zimewekwa kwa ajili ya sherehe, na besi ya jazi ikipitia huko inageuka mngurumo mmoja usio na noti. Kipimo ni hiki: ukiweza kuimba kwa mdomo noti anazopiga mpiga besi, umeweka sawa. Ukisikia "buum" ileile kila mara, punguza tena.

Kwenye simu fanya mambo haya kabla ya kubonyeza popote. Pakua albamu yote mapema ukiwa na intaneti nzuri. Kwa ubora wa juu wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika 46 zinakula megabaiti 110 hivi, na kwa ubora wa chini wa kilobiti 96 ni kama megabaiti 33. Ukiangalia kwa video utatumia bando nyingi zaidi bila sababu. Zima uchezaji wa kuchanganya mpangilio. Zima kipengele kinachounganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Na hili wengi hawalijui: zima kile kinacholeta wimbo mwingine kikijichagulia albamu inapokwisha. *Promises* inafika mahali, kuelekea mwisho, ambapo kila kitu kinakata na kimya kinakaa muda mrefu kabla nyuzi hazijarudi kwa dakika chache za kufunga. Kimya hicho ni sehemu ya muziki, na kimya cha baada yake pia kinakuhusu. Halafu weka simu katika hali ya ndege. Chaji iwe imejaa, kwa sababu umeme ukikatika dakika ya 30 utaanza upya kutoka mwanzo.

Sauti: usiipime kwa dakika ya kwanza. Watu huongeza sana pale mwanzo kwa kuwa pako chini, kisha *Promises* ikifika sehemu ya 6 nyuzi zote za orkestra zinapanda kwa pamoja na mtu anarusha hedifoni. Fungua kwanza sehemu hiyo ya 6, weka kiwango kinachokufaa pale inapokuwa juu kabisa, kisha rudi mwanzo na usiguse tena.

Hatua ya 4: Mara ya kwanza, kaa tu, lakini kaa kweli

Kiti kinachokushika mgongo. Taa ndogo au hakuna taa. Usisome, usikunje nguo. Najua wapo wanaosema muziki wa aina hii umetengenezwa ili uwe nyuma ya shughuli nyingine, na Brian Eno, aliyeupa muziki wa ambienti, ule wa sauti tulivu za kujaza chumba, jina lake mwaka 1978, alitaka uweze kusikilizwa kwa makini au kupuuzwa, vyote sawa. Sawa kwake. Lakini jazi ina mtu anayeamua hapohapo apige nini, na ukimpuuza hutasikia uamuzi wake. Mara ya kwanza mpe umakini wako wote. Baadaye ukitaka kupikia nayo, pikia.

*Promises* inakupa pa kushika tangu sekunde za mwanzo: noti 7 ndogo zinazopanda na kushuka kwenye kinanda, kisha pumziko, kisha noti zilezile tena. Zinarudi karibu albamu nzima. Kazi yako ya kwanza ni moja tu, kila zinaporudi zitambue. Usihesabu. Sema tu moyoni, "hizi hapa." Baada ya dakika kadhaa utaona jambo: noti hazibadiliki, ila ulichosikia kati yake kinazibadilisha. Sanders akiingia na saksafoni zinakuwa jibu kwake. Akinyamaza zinakuwa swali. Katika sehemu ya 4 anaiweka saksafoni kando na kutoa sauti ya mdomo isiyo na maneno, mlio mdogo kama wa mtu anayejifariji, na zile noti zinakuwa kama zinambembeleza.

Mimi hapo kwenye sauti ya mdomo huwa nasimamisha pumzi kila ninapofika. Sijaizoea na sitaki kuizoea.

Hatua ya 5: Mara ya pili, fuata mkia wa sauti

Hii ndiyo hatua yenye mengi, na ndiyo inayomgeuza mtu. Siku nyingine, albamu ileile, sikiliza kinachotokea baada ya noti kupigwa. Katika muziki wa haraka noti inazaliwa na kusukumwa na inayofuata, huna muda wa kuiona ikienda. Katika muziki wa polepole kila noti ina mwanzo, tumbo na mkia, na mkia unaweza kudumu sekunde nyingi. Wanamuziki hawa wanapiga kwa kuujua mkia huo. Mara nyingi noti ya pili inasubiri ya kwanza ikaribie kwisha.

Jizoeze kwanza bila albamu. Kengele ya kanisa ikigongwa, au ukigonga sufuria tupu kwa kijiko, sikiliza mpaka pale ambapo huwezi tena kusema kama bado unasikia au unakumbuka. Mpaka huo ndio unaoutafuta.

Sasa rudi kwenye muziki na ujiulize mkia unatengenezwa na nini. Kinanda cha umeme kina mkia laini wenye kutetemeka kidogo, kama ule unaosikika muda wote kwa Miles na kwa Bohren. Besi ya kusimama ina mkia mfupi wa mbao, unasikia mwili wa chombo. Tarumbeta haina mkia wa kwake, pumzi ikiisha noti imeisha, kwa hiyo mkia wake ni chumba kilichorekodiwa au mwangwi ulioongezwa na mafundi. Matoazi yakipigwa kwa brashi ni mkia mtupu, karibu hayana mwanzo.

Ukishasikia mikia, kimya hakitakuwa tena shimo. Utaanza kutofautisha kimya ambacho bado kina mabaki ya sauti na kimya kikavu. *Black Earth* imejengwa hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho: pigo la ngoma, mkia, na kabla haujafa, noti moja ya kinanda. Jaribu kupima mwendo wake kwa saa: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, kisha fanya vivyo hivyo kwa singeli yoyote. Tofauti utakayoandika itakueleza kwa nini mwili wako ulikuwa unahangaika kwenye kiti.

Hatua ya 6: Mara ya tatu, mfuate mtu mmoja

Chagua mpigaji mmoja, mfuate peke yake kama vile wengine hawapo. Kwa *In a Silent Way* mchague mpiga ngoma, Tony Williams. Upande wa kwanza karibu wote anagusa matoazi ya mguu kwa mwendo uleule, haraka lakini chini, haongezi wala hapunguzi. Kijana wa miaka 23, mmoja wa wapiga ngoma wakali kuliko wote wa zama zake, amejizuia. Upande wa pili, kwenye sehemu ya kati, ndipo anapofungua ngoma zake kwa muda mfupi. Kama bado una kiu ya chemko, hilo ndilo utakalopewa, na kwa kuwa limecheleweshwa hivyo, linapiga kifuani.

Albamu hiyo ina jambo jingine la kusikiliza kwa makini. Mtayarishaji Teo Macero alikata na kuunga mkanda. Zile dakika nne hivi za mwanzo wa upande wa pili, gitaa la John McLaughlin likianza, saksafoni ya Wayne Shorter ikifuata, kisha tarumbeta ya Miles, bila ngoma, zimerudishwa mwishoni vilevile zilivyo. Ni rekodi ileile, hakuna noti iliyobadilika. Sikiliza mwanzo, andika neno moja au mawili juu ya hisia yake. Ukifika mwisho andika tena, kisha linganisha. Mimi mwanzo huwa nausikia kama mapambazuko, na mwisho kama mtu anayeaga.

Ukichoka, ukisinzia

Utachoka. Mara nyingi ni kati ya dakika ya 8 na ya 15, kichwa kinapokumbuka ada ya shule na mafuta ya pikipiki. Usipambane nacho wala usizime. Rudi kwenye kitu kimoja kidogo, mkia wa noti inayofuata, basi. Ukisinzia, lala, na kesho uanze mwanzo kabisa badala ya kuendelea ulipoishia. Ukiona umesinzia kila mara, badilisha saa. Tatizo ni uchovu wako, muziki hauna kosa.

Na kama umesikiliza mara tatu kwa saa nzuri na vifaa vinavyofaa na bado haikugusi, hamia albamu ya pili kati ya zile tatu. Kuna anayekutana na moyo wake kwa Bohren wakati *Promises* ilimpita pembeni kabisa.

Kusikiliza na wenzako

Watu wawili au watatu wanatosha. Wakifika sita mazungumzo yatashinda. Mwambie mgeni mapema kwamba hakuna chemko na itachukua muda gani, ili asijione mjinga kwa kusubiri. Kama yupo mzee aliyepiga tarumbeta kanisani, mwalike kwa heshima, "Mzee, njoo unisaidie kusikiliza huyu anapumua wapi," kisha mwache aongoze. Wapulizaji husikia pumzi ambazo sisi wengine hatuzisikii: pale Sanders anapoishiwa hewa, pale anapoiacha noti ipasuke kwa makusudi. Msizungumze mpaka iishe, na ikiisha kaeni dakika moja kabla ya mtu kusema neno.

Ya kutafuta baadaye

Lebo ya ECM, kampuni ya kutoa muziki ya Munich, Ujerumani, iliyoanzishwa na Manfred Eicher mwaka 1969, ina sauti yake inayotambulika, yenye nafasi na mwangwi mwingi. Humo mtafute mpiga saksafoni Jan Garbarek wa Norwei. *Officium* ya 1994, aliyoifanya na waimbaji wanne wa Hilliard Ensemble wakiimba nyimbo za kale za kanisa, itakaa vizuri sana na yeyote aliyelelewa na kwaya. Jon Hassell na tarumbeta yake iliyopitishwa kwenye mitambo, *Possible Musics* ya 1980, ni ya ajabu zaidi, isubirishe kidogo. The Necks wa Australia ni watatu, kinanda, besi na ngoma, na wakiwa jukwaani huanza bila kupanga watapiga nini. Kipande kimoja chao hukaribia saa nzima, na mabadiliko yake ni ya polepole kiasi kwamba utayagundua yakiwa yameshatokea. Hicho kitafutie Jumapili mchana, siku ambayo hakuna anayekungoja popote.